Barua ya wazi kwa viongozi wa Ternate, Cavite: msiwachagulie watu wenu babu mmoja

Kwa Mheshimiwa Meya na Baraza la Mji wa Ternate, mkoa wa Cavite. Kwa Idara ya Elimu ya Ufilipino. Kwa Tume ya Lugha ya Kifilipino. Na kwa Tume ya Taifa ya Historia ya Ufilipino.

Waheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka Maskati. Mimi ni Mpemba, ninaishi na kufanya kazi hapa Omani, na kazini nimezungukwa na Wafilipino. Mmoja wao, dada ninayemheshimu sana, ni mzaliwa wa Ternate. Ndiye aliyenifanya niujue mji wenu, na ndiye atakayewafikishia maneno haya kwa Kitagalogi. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu nataka yasomwe na watu wa kwetu pia. Sisi tuna deni kwa jina la Ternate, na wengi wetu hatulijui.

Deni lenyewe ni la karafuu. Kabla Wazungu hawajafika Mashariki, mkarafuu uliota katika visiwa vichache tu vya Maluku, Indonesia ya leo: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kutorosha miche hadi Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 mti huo ukafika Unguja na Pemba, ambako Sayyid Said aliusambaza mashambani. Kimbunga cha 1872 kikaivunja mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo ghala. Kila mtoto wa kwetu anajua kukaa jamvini usiku akichambua karafuu na makonyo mpaka vidole vinanukia siku nzima ya pili yake. Mimi nimekua hivyo, na hakuna aliyenieleza kwamba mti uliotulea ulitoka kisiwa ambacho jina lake limebebwa na mji wa wavuvi ng'ambo ya bahari, kwenye mlango wa ghuba ya Manila.

Ninyi mnaijua historia ya mji wenu kuliko mimi. Lakini wasomaji wangu hawaijui, kwa hiyo naomba mniruhusu niipitie kwanza.

Karafuu ndiyo iliyowapeleka Wareno Ternate, na mwaka 1522 wakaanza kujenga ngome pale. Penye ngome ya Wareno palikusanyika watu wa kila namna: mabaharia, wake wa kienyeji, watumwa, na watoto waliozaliwa katikati ya hao wote. Humo ndimo walimotokea Mardika. Wengi wao walikuwa watumwa walioachwa huru, au wajukuu wa watumwa, waliobatizwa na kufanya kazi ya uaskari na ufundi. Mwaka 1570 Wareno walimuua Sultani Hairun aliyekuwa amekwenda ngomeni kwao kwa mapatano. Mwanawe, Babullah, aliwazingira mpaka mwaka 1575 wakatoka. Wakristo wa visiwani wakabaki baina ya mafahari wawili.

Mwaka 1606 gavana wa Manila, Pedro Bravo de Acuña, aliivamia Ternate na kumchukua Sultani Saidi mateka hadi Manila, ambako alifia. Wahispania wakaweka askari wao kisiwani. Askari wa Mfalme wa Hispania hawakuwa Wahispania watupu: wengi waliandikishwa Meksiko, na pamoja nao walikuwapo Wapampanga kutoka kaskazini ya Manila. Mardika walipigana upande wao. Kwa zaidi ya miaka 50 watu hao walikula pamoja, wakaoana, wakazikana.

Kisha mwaka 1662 jemadari wa Kichina Zheng Chenggong, ambaye Wazungu walimwita Koxinga, aliwatoa Waholanzi Taiwan na kuitaka Manila imlipe kodi. Gavana Sabiniano Manrique de Lara akaingiwa na hofu, akaamuru askari wote wa mbali warudi kulinda mji mkuu. Zheng alifariki mwezi Juni mwaka huohuo na mashambulizi hayakuja. Amri ya kuhama, hata hivyo, ilitimizwa mwaka 1663. Familia za Mardika, ambazo kwa kawaida huhesabiwa 200, zilipanda merikebu na kuiacha Maluku kwa ajili ya vita ambavyo havikupiganwa. Walikaa kwanza karibu na Manila, baadaye wakapewa ardhi kwenye mlango wa mto Maragondon, mahali palipoitwa Barra. Waliiita Ternate. Walikuwa na sanamu ya Mtoto Yesu waliyokuja nayo kutoka kisiwani, ile inayoheshimiwa kanisani kwenu mpaka leo kwa jina la Santo Niño de Ternate. Na walikuwa na lugha.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu.

Dada yangu huyu anasema alikua akisikia mtaani kwamba watu wa Ternate ni "kizazi cha Wahispania." Ushahidi uliotolewa ulikuwa mambo mawili, majina na lugha. Majina hayathibitishi lolote. Mnajua kwamba mwaka 1849 Gavana Narciso Clavería alitoa orodha ya majina ya ukoo, ikagawanywa mkoa kwa mkoa na mji kwa mji, hata kuna miji kama Oas ya Albay ambako majina mengi yanaanza na herufi moja. Mtu kuitwa jina la Kihispania Ufilipino maana yake ni kwamba babu yake alihesabiwa na karani. Na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021, uliopima watu 1,028 wa jamii 115 za nchi yenu, ulikuta damu ya Ulaya ni kidogo sana, kwa watu wachache wa jamii chache, wakiwamo wasemaji wa Chavacano, yaani lugha za Ufilipino zenye maneno mengi ya Kihispania kama ile ya Ternate. Kwa hiyo Mhispania yumo katika ukoo, simkatai. Ila ni mmoja katika umati, na umati wenyewe haujatajwa.

Wako wapi Wapampanga katika hadithi ya mji? Wako wapi vijana wa Meksiko waliopelekwa upande wa pili wa dunia? Wako wapi watu wa Halmahera na visiwa vya jirani, ambao lugha zao nyingi za kale ni za ukoo wa Kipapua, mbali kabisa na Kitagalogi? Nani anamtaja mwanamke wa Kitagalogi wa Maragondon, ambaye watu wake walikuwa pale kabla ya merikebu kufika, na ambaye bila yeye hao wageni wasingekuwa na wajukuu wengi wa kuzungumzwa leo? Na zaidi ya wote, yuko wapi mtumwa? Mardika ni watu ambao historia yao inaanzia utumwani. Mji ulioanzishwa na walioachwa huru una haki ya kujivunia hilo kwa sauti, na watoto wake hawapaswi kulipata kwa bahati wakiwa watu wazima ughaibuni.

Nina uchungu na jambo hili kwa sababu nimelelewa ndani yake. Kwetu Pemba nyumba nyingi zinaweza kukutajia babu aliyetoka Omani, Hadhramaut au Shirazi. Wengine wana shajara ya nasaba iliyoandikwa. Lakini mikarafuu ile ilipandwa, ikapaliliwa na ikachumwa na watumwa walioletwa kutoka bara, wengi wao upande wa Ziwa Nyasa, mpaka utumwa ulipofutwa mwaka 1897. Watu hao hawakuyeyuka. Walizaa na kuoa, nao ni bibi zetu. Ila ukimuuliza mzee, atataja wa merikebu na kumpita wa shamba. Mwaka 2023 wanasayansi walitoa matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani yetu: upande wa kike wengi ni Waafrika, upande wa kiume wengi wametoka Uajemi. Nusu ya mabishano ya utotoni mwangu yalikuwa juu ya nani mwenye haki kati ya hao wawili, na jibu lilikuwa limelala kaburini muda wote, kwamba wote wawili wamo.

Kuna fundo jingine linalotuunganisha. Mmisionari Fransisko Xavier alitua Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda Goa, na mwaka 1546 akafika Ternate. Mfalme Filipo wa Pili, ambaye visiwa vyenu vimepewa jina lake, ndiye aliyekuwa na taji la Ureno pia wakati Ngome ya Yesu ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593. Antonio de Morga, ofisa wa Kihispania aliyehudumu Manila, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1609 kwamba merikebu za Wareno zilileta Manila, pamoja na karafuu na mdalasini, watumwa weusi kutoka Afrika. Basi katika mji ule ambako Mardika walipokelewa kwanza, watu wa upande wetu walikuwa wamekwisha kufikishwa kwa minyororo. Ndiyo maana sioni haya kuwaandikia viongozi wa nchi nyingine juu ya nani atajwe na nani asitajwe.

Mheshimiwa Meya, waheshimiwa madiwani: sheria namba 11961 ya mwaka 2023 inazitaka serikali za mitaa kuorodhesha urithi wa utamaduni wa maeneo yao, majengo, mila, lugha na kumbukumbu. Kazi hiyo iko mikononi mwenu. Naomba isiishie kwenye kanisa, sanamu na bango la watalii lenye neno "Hispania." Andikeni kila tawi la ukoo kwa jina lake. Andikeni kwamba Mardika walikuwa wamesimama upande wa walioiteka nchi ya Sultani wa Ternate, maana hilo ni kweli na watoto wana akili ya kulibeba. Kaeni na parokia na Jimbo la Imus ili vitabu vya ubatizo na ndoa vilivyosalia vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, kabla ya unyevu na mchwa kuvimaliza. Katika vitabu vya namna hiyo ndimo mapadri walimoandika fulani mwana wa fulani, wa kijiji gani na wa taifa gani, na mwanamke ambaye hadithi imemwacha huonekana humo kwa jina lake.

Tena liandikieni baraza la mji wa Ternate ya Indonesia. Kule kuna Waislamu na Sultani wao, kwenu kuna Wakatoliki na Mtoto Yesu wao, na baina yenu kuna zaidi ya miaka 360 ya kimya. Mwalimu mmoja akienda na mmoja akija, vijana wa pande zote mbili watapata somo ambalo kitabu hakiwezi kulitoa. Sisi wa Pemba na Omani tunajua undugu wa namna hii ulivyo mzito na mtamu, kwa sababu ndege za kila wiki zimejaa watu wanaokwenda kuwaona jamaa ambao babu zao walitenganishwa na bahari.

Kwa Idara ya Elimu na Tume ya Lugha nina la kusema kwa kirefu zaidi, kwa sababu hapa muda umekwisha kuwa mfupi.

Lugha ya Ternate, Chavacano ambayo wenyewe wanaiita Bahra kwa jina la mahali pao pa kwanza, inasemwa na watu wanaokadiriwa 3,000 katika mji wenye wakazi zaidi ya 20,000. Maneno yake mengi ni ya Kihispania, muundo wake ni wa Kifilipino kwa sehemu kubwa, na wataalamu wamebishana tangu Keith Whinnom alipoandika mwaka 1956 kama mzizi wake ulitoka Maluku pamoja na Mardika au ulichipuka Manila. Wabishane. Mimi nimeisikia ikisemwa kwenye simu. Dada yangu humpigia mama yake kila Ijumaa, siku yetu ya mapumziko. Mama akisema "mihotro" anamaanisha sisi, yaani watu wa nyumba yake. Akisema "bo" anamaanisha wewe mwanangu. Kisha mtoto wa kaka anapokonya simu ili aseme na shangazi, na mara moja kila kitu kinageuka Kitagalogi. Bibi anamsemesha mjukuu kwa Bahra, mjukuu anamjibu kwa Kitagalogi, na wote wawili wameona ni jambo la kawaida. Shangazi yake yuko Maskati anapeleka pesa za ada, na shuleni anakolipia ada hizo hakuna hata kipindi kimoja cha lugha ya bibi.

Kutoka mwaka 2012 nchi yenu ilifundisha madarasa ya mwanzo kwa lugha za nyumbani, na Chavacano ilikuwa katika orodha. Ilikuwa Chavacano ya Zamboanga, kusini, ambayo ina wasemaji laki kadhaa, na redio. Bahra haikuingia. Mwaka 2024 sheria namba 12027 ikaondoa hata mpango huo na kurudisha Kifilipino na Kiingereza, lugha za mikoa zikibaki za kusaidia tu. Lakini Katiba yenu ya 1987 bado inazitambua lugha za mikoa kuwa lugha saidizi rasmi katika mikoa yake na katika kufundishia. Mlango haujafungwa wote. Mwalimu mkuu anayetaka kutumia saa mbili kwa wiki kwa hadithi, nyimbo na majina ya samaki kwa Bahra hahitaji Bunge, anahitaji barua moja kutoka ofisi ya juu yake inayosema asiogope. Iandikeni barua hiyo.

Na ninyi Tume ya Lugha mnajua kufanya kazi hii kwa sababu mmekwisha kuifanya. Kule Abucay, Bataan, mlifungua nyumba ya lugha ambamo wazee wa Ayta Magbukun, wenyeji wa kale wa pale, wanakaa na watoto wadogo na kusema nao lugha yao tu. Bataan na Ternate zinatazamana kwenye ghuba ileile, Corregidor ikiwa katikati. Ivusheni nyumba ile. Nafahamu mtu anaweza kuuliza kama lugha iliyozaliwa na wakoloni na wageni inastahili huduma sawa na lugha ya wenyeji wa kale. Mimi nasema inastahili. Bahra haikuletwa na gavana, ilitengenezwa na waliokuwa chini yake: watumwa walioachwa huru, askari wa mishahara midogo, na wake zao. Chavacano ya Ermita, Manila, ilikuwa dada yake. Vita vya Februari 1945 viliharibu Ermita, wasemaji wake wakauawa na kutawanyika, na leo haina mtu. Kule iliangamizwa na mabomu. Huku hakuna bomu, na lugha inakwisha nyumba hadi nyumba huku bajeti za utamaduni zinapitishwa kila mwaka.

Kuna watakaosema wavuvi wa Ternate wanataka injini, nyavu na bei nzuri ya samaki kabla ya historia. Ni kweli, na mtu asiye na chakula nisingethubutu kumwambia akatafute babu. Lakini sijaomba jumba la makumbusho. Nimeomba mwalimu, kinasa sauti, wazee wanaolipwa kwa muda wao, na kamera juu ya vitabu vya parokia. Fedha za sherehe moja ya mji zingeweza kuanzisha yote hayo.

Na mambo yanakuja kwa kasi. Handaki la Kaybiang, mita 300 kupenya mlimani kuelekea Nasugbu, tayari linaleta wageni wa Manila kila mwisho wa wiki. Daraja la kilomita 32 linalopangwa kuvuka ghuba kutoka Bataan litateremkia Naic, jirani zenu wa mlango kwa mlango. Ardhi itapanda bei, watu watahamia. Nawasihi msije mkaitumia asili kuwafungia mlango hao wapya, mkaanza kuulizana nani Mardika halisi. Swali hilo nimelisikia likiulizwa kwetu kwa maneno yake, na nimeona watu wazima wakinyimwa haki kwa sababu jibu lao halikumpendeza karani. Ternate ilijengwa na watu waliotoka nje. Mtoto wa mhamiaji kutoka visiwa vya Visaya akifundishwa kusema "mihotro" pamoja na wenzake darasani, atakuwa amejiunga na mji huo kwa njia ileile walivyojiunga Wapampanga.

Kwa Tume ya Historia ombi langu ni fupi. Bamba lolote mtakalosimamisha Ternate kuanzia sasa liseme watu walikuwa nani kabla ya kusema sanamu ilifika lini, liandikwe kwa Bahra pamoja na Kifilipino, na neno utumwa lisifichwe.

Dada yangu anarudi nyumbani kwa likizo. Amesema atakwenda ofisi ya Baraza na nakala ya barua hii mkononi, na atauliza nani amekabidhiwa kazi ya kuorodhesha urithi wa mji na wazee gani wamekwisha kuhojiwa. Naomba apewe majina.

Wenu katika heshima,

Mpemba aishiye Maskati